Siku mbili San Jose bila gari: ofisi za Google, Apple na Meta nazionaje?

Swali limetoka kwa mwalimu wa kompyuta wa sekondari moja huku Kasarani: "Dada yangu anaishi San Jose, California, na naenda kumwona likizo ya Agosti. Yeye na shemeji wanashinda kazini kwa hivyo nitakuwa na siku mbili za kuzunguka peke yangu, na sitaendesha gari huko. Nataka kuona ofisi za Google, Apple na Facebook. Naweza kuingia ndani? Nilipe hizi kampuni za ziara naona kwenye intaneti? Na nikirudi, kuna kitu kama hicho Nairobi naweza kupelekea wanafunzi wangu?"

Mwalimu, safari njema mapema. Wacha nianze na jibu lenye halipendezi ndio tumalizane nalo: ndani ya ofisi zenyewe huingii, isipokuwa ualikwe na mfanyakazi. Google, Apple, Meta (ndio wenye Facebook), hakuna hata moja inauza tiketi ya kuzungusha mgeni pale watu wanafanya kazi, na hakuna mlango wa siri wenye watu wa ziara wanaujua na wewe hauujui. Mimi kazi yangu ni kupangia watu wa hapa Nairobi safari za huko, na kitu naona kikiharibia mtu siku yake ni kutoka asubuhi na orodha ya majengo kumi, anashinda kwa teksi, jioni akirudi ako na picha kumi za vioo na maegesho ya magari. Mengi ya hayo majengo ukiyaangalia kutoka barabarani hayakuambii kitu, yanaeza kuwa ya bima, yanaeza kuwa ya benki.

Kwa hivyo nakupangia hivi: kwanza penye mlango uko wazi kwa kila mtu, halafu zile sehemu ndogo za barabarani zenye historia imeandikwa hapo hapo, na kila mahali utakaposimama uulize swali moja tu, nani alikuwa hapa kabla ya hawa? Hilo swali ndilo linafungua Silicon Valley yote, lile bonde la kampuni za teknolojia. Karibu kila kampasi kubwa utaona ilikuwa ya kampuni ingine iliyokuwa inatisha wakati wake, ikaanguka au ikauzwa, wengine wakaingia. Kwa mtu anafundisha kompyuta naamini hiyo itakubamba kuliko vioo.

Tujue ramani kidogo. Silicon Valley ni miji midogo mingi imeshikana, San Jose iko chini upande wa kusini, San Francisco juu, kati yao ni kama kilomita 77, karibu sawa na kutoka hapa kwenda Naivasha. Bahati yako ni kwamba kuna treni inaitwa Caltrain inapita katikati ya hiyo miji, tangu Septemba 2024 ni ya umeme na inaenda haraka kuliko ile ya dizeli. Unapandia stesheni ya San Jose Diridon. Nunua kadi inaitwa Clipper, ama uiweke kwa simu, inalipia treni na basi pia. Usipange kufika San Francisco kwa hizi siku mbili, huko nenda wikendi na dada yako, na hata jengo la Twitter la Market Street lenye watu walikuwa wanapigia picha, kampuni ilihama mwaka 2024.

Siku ya kwanza chagua Alhamisi au Ijumaa, kwa sababu mwanzo wa wiki makumbusho huwa yamefungwa. Shuka Mountain View. Hapo panda basi za bure za mji, au teksi ya apu, uende Computer History Museum iko Shoreline Boulevard. Hii ndio sehemu moja nakuomba usiikate hata ukichelewa. Inafunguliwa saa nne asubuhi na ujipe masaa mawili kamili, hata matatu. Utaanzia abakasi na kadi za kutobolewa mpaka simu ya mfukoni, na kuna IBM 1401 mbili, kompyuta za modeli ya mwaka 1959, wamezirekebisha mpaka zinafanya kazi, na kuna siku wazee waliokuwa mainjinia wanaziwasha mbele ya watu, kwa hivyo angalia ratiba ya maonyesho kabla uchague siku. Ukisikia ile kadi ikisomwa na ile printa ikipiga kelele utaelewa kwa nini vile vitabu vya zamani vya silabasi vilikuwa vinaongea sana juu ya ingizo na tokeo, kwa sababu ilikuwa ni chuma inasukuma karatasi, unaiona kwa macho. Na lile jengo lenyewe? Lilikuwa la Silicon Graphics, wale waliokuwa wafalme wa kompyuta za picha za filamu miaka ya tisini.

Ukitoka hapo endelea na barabara hiyohiyo ya Shoreline kuelekea baharini, unafika Google. Hapa kuna habari njema yenye watu wengi bado hawajaisikia: Oktoba 2023 Google walifungua sehemu ya wageni inaitwa Google Visitor Experience, chini ya jengo lao jipya la Gradient Canopy, lile la paa limejikunja kama hema na juu limefunikwa paneli za sola zimepangwa kama magamba. Unaingia bure, hauitaji kumjua mtu. Kuna mkahawa wenye mtu yeyote anaeza kula, kuna duka, kuna uwanja wa nje wenye sanaa. Kula lunch hapo. Sasa jua mipaka yake, ni ghorofa ya chini tu, wafanyakazi wako juu na hautawaona wakifanya kazi. Googleplex ya zamani iko hapo karibu, na nani alikuwa hapo kabla? Silicon Graphics tena. Google walianza kuhamia 2003, wakainunua 2006 kwa dola milioni 319. Kwa hivyo ndani ya mchana mmoja umesimama kwenye nyumba mbili za kampuni moja iliyoisha, moja imekuwa makumbusho na ingine imekuwa Google.

Utaona baiskeli za rangi rangi zimeachwa kila mahali bila kufuli. Hizo ni za wafanyakazi pekee. Usipande hata kwa picha tafadhali.

Halafu rudi stesheni, panda treni ya kuelekea kaskazini lakini uangalie ni ile inasimama kila stesheni, ushuke San Antonio. Kutoka hapo kwa miguu ni karibu, tafuta namba 391 San Antonio Road. Hakuna jengo la zamani hapo, lilibomolewa, saa hii ni maofisi mapya, na kampuni za ziara nyingi zinapapita tu. Lakini kando ya barabara utakuta masanamu ya chuma ya transista na dayodi, vile vipande vidogo vya kuongoza umeme ndani ya kompyuta, zimekuzwa mpaka zinakupita urefu, zile miguu tatu za transista zimesimama chini vile unazijua kwa ubao wa darasani. Na maandishi yanaeleza kwa nini. Mwaka 1956 William Shockley, mmoja wa wale watatu waliopata Nobeli mwaka huohuo kwa transista, alifungua maabara hapo, na alikuja upande huu wa Marekani kwa sababu mamake alikuwa anaishi Palo Alto. Aliajiri vijana wakali sana, kazi yao ilikuwa kutumia silikoni wakati wengi walikuwa wanatumia elementi ingine, germanium. Lakini kuongoza watu ilimshinda, aliwashuku, ikafika mahali anataka wapimwe na mashine ya kugundua uongo. Mwaka 1957 wanane wakatoka pamoja wakaanzisha Fairchild Semiconductor, na kutoka Fairchild wawili wao, Robert Noyce na Gordon Moore, wakaenda kuanzisha Intel mwaka 1968. Ukichora huo mti wa kampuni ubaoni, nani alitoka kwa nani, unajaza ubao wote, na mzizi wake ni hapo kando ya barabara penye umesimama. Hilo jina la Silicon Valley lenyewe lilikuja kuandikwa kwa gazeti baadaye, 1971, na mwandishi anaitwa Don Hoefler. Mimi hapa ndio napendekeza upige picha nyingi, si kwa Google.

Agosti jua huko linazama karibu saa mbili usiku kwa hivyo bado uko na muda. Panda tena treni mpaka Palo Alto, utembee kama dakika 20 mpaka 367 Addison Avenue. Ni mtaa wa makazi, miti mikubwa, kimya, na nyuma ya nyumba moja ya kawaida kuna garaji ya mbao ndogo sana, milango ya kijani. Hapo mwaka 1938 Bill Hewlett na Dave Packard walianza kazi na mtaji wa dola 538. Packard na mkewe Lucile walikaa ghorofa ya chini, Hewlett akalala kwa kibanda cha nyuma. Kitu yao ya kwanza kuuza ilikuwa osileta ya sauti, kifaa cha kutoa mawimbi ya kupimia vyombo vingine, na ujanja wote ulikuwa ndani ya balbu ndogo ya kawaida ya taa: waya wa balbu ukipata moto ukinzani wake unapanda, mawimbi yakizidi nguvu balbu inayarudisha chini yenyewe. Ndio maana ilikuwa rahisi kuliko za wengine na ilikuwa imara. Walt Disney walinunua nane kwa kazi ya sauti ya filamu. Fizikia ya kidato cha tatu hiyo, mwalimu, na kampuni nzima ilisimama juu yake.

Kuna bango la jimbo hapo mbele linaiita mahali ilipozaliwa Silicon Valley, liliwekwa 1989. Huingii, unaangalia kutoka kwa njia ya miguu, na uongee polepole maana majirani wako na watoto. Kuna ile garaji ingine ya wazazi wa Steve Jobs wa Apple kule Los Altos, lakini hiyo ni nyumba ya watu, treni haifiki, na Steve Wozniak, aliyeanzisha Apple naye, mwenyewe ameshasema hakuna kubwa ilitengenezewa humo. Iache.

Kama miguu bado ina nguvu, kutoka stesheni hiyo ya Palo Alto kuna basi za bure zinaitwa Marguerite zinaingia chuo cha Stanford, na chuo kinatembelewa bila shida. Kitu kimoja cha kutafuta: ndani ya jengo la uhandisi la Huang wameweka kile kisanduku cha vipande vya Lego chenye Larry Page na Sergey Brin walijengea diski za kwanza za Google wakiwa wanafunzi, diski kumi za gigabaiti 4 kila moja. Jumla yake gigabaiti 40. Simu ya mwanafunzi wako kidato cha pili inashika zaidi.

Meta sasa. Iko Menlo Park, 1 Hacker Way, mbali na treni, kwa hivyo ni teksi ya apu kutoka Palo Alto. Hakuna sehemu ya wageni, hakuna mkahawa, kuna bango tu pale kona, lile lilikuwa na kidole gumba cha Like na tangu Oktoba 2021 liko na alama ya Meta. Watu wanapanga foleni, wanapiga selfi, wanaondoka. Wewe zunguka nyuma ya hilo bango. Nyuma bado kumeandikwa Sun Microsystems, herufi zimefifia, imeachwa hivyo. Hiyo kampasi yote ilikuwa ya Sun, wale waliotoa lugha ya programu ya Java mwaka 1995, ile Java yenye sisi wote tumefundishwa nayo. Oracle waliwanunua 2010, Facebook wakahamia hapo 2011, wakageuza bango wakaweka lao upande wa mbele, na inasemekana wakubwa wa hapo waliacha ule upande wa nyuma makusudi ndio wafanyakazi wasisahau. Kama unafundisha Java, hiyo teksi inastahili pesa yake. Kama haufundishi, usiende.

Siku ya pili ni Cupertino, na hii ni rahisi zaidi. Kutoka San Jose kuna basi za VTA, namba 23 na 523, zinafuata Stevens Creek Boulevard. Shuka karibu na Tantau Avenue, utembee kama dakika 20 kuelekea kaskazini mpaka Apple Park Visitor Center. Iko wazi kwa kila mtu tangu Novemba 2017. Kuna duka lenye fulana na vikombe ambavyo haviuzwi duka lingine la Apple, kuna mkahawa, kuna modeli kubwa ya kampasi nzima wanakupa aipadi unaielekeza hapo na unaona paa likifunuka na ndani kulivyo. Halafu panda juu kwenye paa, kuna sehemu ya kukaa bure.

Nikwambie ukweli hapo juu utaona nini: miti. Miti mingi sana, zaidi ya elfu tisa kwa kampasi yote, na kati ya miti kipande cha jengo lao kuu, lile la umbo la duara. Kipenyo chake ni kama mita 460 na imekaa chini, kwa hivyo zile picha za duara nzima unazijua zilipigwa na ndege. Watu wengine wanakasirika. Mimi nadhani inastahili, kwa sababu Jobs alipoenda mbele ya baraza la mji Juni 2011 kuomba kibali, miezi minne kabla afariki, aliwaeleza kwamba hiyo ardhi ilikuwa ya Hewlett-Packard, wale wa ile garaji umeona jana, na kwamba akiwa kijana mdogo Hewlett ndiye alimpa kazi ya likizo. Ukiwa umeona garaji siku ya kwanza na duara siku ya pili, hiyo miti haitakusumbua.

Mchana rudi San Jose, uende mkahawa wa Denny's ulioko Berryessa Road. Ni mkahawa wa kawaida, chapati za maji nene na mayai na kahawa ya kuongezwa. Hapo ndio Jensen Huang na wenzake Chris Malachowsky na Curtis Priem walikuwa wanakaa kupanga Nvidia, kampuni ya chipu za kompyuta, mwaka 1993, na mwaka 2023 wakaweka kibao kwenye ile meza. Ofisi za Nvidia zenyewe ziko Santa Clara, majengo mawili ya pembetatu, Endeavor na Voyager, zinapendeza kwa nje lakini wageni hawaruhusiwi, kwa hivyo pesa ya teksi kula nayo hapa Denny's. Huang alikuwa amewahi kuosha vyombo kwa Denny's akiwa kijana, ndio maana alikuwa anazijua.

Kuhusu kulipa kampuni za ziara, uliza kitu kimoja kabla ya kutoa pesa: kati ya hizo sehemu, ni gani tunaingia ndani? Jibu huwa ni makumbusho, duka la Apple na duka la Google, zote unaeza ingia mwenyewe. Unalipia gari na mtu wa kuongea. Kama mko kikundi cha familia mna wazee, sawa, inasaidia. Mtu mmoja mwenye miguu na kadi ya Clipper, hapana, usilipe.

Njia ya kweli ya kuingia ndani ni moja, kualikwa na mfanyakazi. Kampuni nyingi zinaruhusu mfanyakazi alete mgeni, unaandikishwa mapokezi, unapewa beji, pengine unasaini kwamba hautatoa siri, na unatembea naye muda wote. Wakenya wanaofanya kazi huko ni wengi. Mwambie dada aulize kanisani kwao na kwa chama chao, mapema, wiki kadhaa kabla, si siku moja kabla. Na uombe lunch ya nusu saa tu, watu huko wako na mikutano mfululizo. Kuandikia mtu haukumjua kwa LinkedIn "nialike ofisini kwenu" haifanyi kazi na inamweka vibaya.

Hii ingine usiichukulie kirahisi. Hizo kampasi ni ardhi ya kibinafsi hata kama hakuna fensi wala soja getini vile tumezoea huku. Usimfuate mtu mwenye beji mlango ukifunguka, usipige picha kupitia dirisha, ukiambiwa na mlinzi uondoke, sema sawa uondoke. Uko kwa viza ya kutembea, kesi ndogo ya kuingia mahali bila ruhusa inaeza kukusumbua viza ingine. Beba nakala ya pasipoti, na jaketi nyepesi, asubuhi na jioni kando ya hiyo bahari kuna upepo hata Agosti.

Sasa wanafunzi wako. Hapa Nairobi hakuna makumbusho ya kompyuta, na hilo linaniuma sana kwa sababu hadithi tunayo. Lakini siku moja ya basi la shule inaeza kupangwa na swali lilelile. Anzeni Ngong Road, Bishop Magua Centre. Hapo ndio iHub, kituo cha watu wa teknolojia, ilifunguliwa 2010, na Erik Hersman aliyeianzisha alikuwa mmoja wa wale walioanzisha Ushahidi, ile ramani ya kuripoti vurugu iliyotoka Januari 2008 nchi ikiwaka. iHub ilishahama hapo, na mwaka 2019 ikachukuliwa na CcHub, kituo kama hicho cha Nigeria, kwa hivyo hapo nje mnasimama kidogo tu, unawaeleza, mnaendelea.

Halafu Waiyaki Way, Safaricom House. M-Pesa ilizinduliwa tarehe 6 Machi 2007, wanafunzi wako hawajawahi kuishi Kenya isiyo na hiyo kitu. Waambie hii: mpaka 2015 seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Mtu akituma pesa kutoka Kasarani kwenda Githurai, ujumbe ulikuwa unaenda mpaka Ulaya unarudi, na hizo mitaa zinaonana. Waulize kwa nini iliamuliwa hivyo na kwa nini ilirudishwa nyumbani, hilo somo la mitandao linajifundisha lenyewe. Kuingia ndani mnahitaji barua ya shule yenye muhuri, itumwe mapema muhula ukianza, na msipojibiwa mfuatilie. Konza, ule mji wa teknolojia unaojengwa, pia andikieni, lakini hiyo iko nje ya mji, Mombasa Road kama kilomita 60 na kitu, ipeni siku yake peke yake.

Lunch muifanyie Kilimani kwa Mama Oliech, pale Mark Zuckerberg alikula samaki na ugali Septemba 2016 alipokuja kuona iHub. Pigieni simu siku kadhaa kabla, na mseme mko wangapi, kwa sababu saa saba hapo hujaa na basi zima la wanafunzi likija bila kutarajiwa mtakaa nje mpaka saa tisa.